Jinsi Mmea Unavyokula Chumvi za Udongo
Mafunzo kwa wakulima wa Munisagara na bonde la Mto Mkondoa



Kila mama mpishi hujua jambo moja ambalo limewapita wakulima wengi. Akitaka kutengeneza kachumbari hukata kitunguu vipande vyembamba, hukinyunyizia chumvi, kisha hungoja kidogo. Baada ya muda bakuli huwa na maji, ingawa yeye hakutia maji hata tone moja, na kitunguu kilichokuwa kigumu kimelegea. Maji yale yametoka wapi? Yametoka ndani ya kitunguu chenyewe. Chumvi imeyavuta.

Ukilielewa vizuri jambo hili la bakuli, utaelewa pia kwa nini mbolea iliyonunuliwa kwa fedha nyingi huweza kuyaua mahindi yale yale iliyonunuliwa kuyalisha. Mkulima aliyeunguza mbegu zake hupoteza mbegu, hupoteza mbolea, hupoteza siku za kazi, na wakati anapopanda mara ya pili mvua za masika zimekwisha kumwacha nyuma. Kwa sababu hiyo tunakuomba usome mafunzo haya kabla ya kufungua mfuko.

Vyumba vidogo vya mmea

Mmea wote, tangu ncha ya mzizi hata ua, umejengwa kwa vyumba vidogo mno ambavyo macho matupu hayavioni. Wataalamu huviita seli. Kila seli ina ukuta mgumu kwa nje, na ndani ya ukuta huo upo utando laini sana unaozunguka chumba chote. Katikati ya seli iliyokomaa mna kimfuko kilichojaa maji yenye chumvi na sukari, na mara nyingi kimfuko hicho huchukua karibu nafasi yote ya chumba.

Utando ule ndio mlinzi wa nyumba. Huyaachia maji kupita kwa urahisi, lakini chumvi na sukari haziruhusiwi kupita ovyo. Basi ikiwa upande mmoja wa utando mna chumvi nyingi kuliko upande wa pili, maji huvuka kwenda upande wenye chumvi nyingi. Katika vitabu vya shule kuvuka huku huitwa osmosisi.

Katika udongo mzuri, maji yaliyomo yana chumvi kidogo sana, na maji ya ndani ya seli za mzizi yana nyingi. Kwa hiyo maji hutoka udongoni na kuingia mzizini. Seli zikijaa husukuma kuta zao kama mpira wa baiskeli uliojazwa upepo. Mchicha hauna mti wala mfupa, lakini asubuhi husimama wima, na kinachousimamisha ni maji yaliyomo katika seli zake. Maji yakipungua mchana, majani hulegea. Yakirudi usiku, husimama tena. Ukiona majani bado yamelegea alfajiri, kabla jua halijatoka, ujue ya kuwa mizizi haipati maji.

Ukitaka kuhakikisha, fanya jaribio hili pamoja na watoto wako. Chukua kiazi mviringo, ukimenye, ukikate vipande virefu vyembamba vya ukubwa mmoja. Tia vingine katika bakuli la maji matupu, na vingine katika bakuli la maji uliyokoroga chumvi nyingi ya mezani. Viache saa mbili. Vipande vya maji matupu vitakuwa vigumu, na ukivipinda vitavunjika. Vya maji ya chumvi vitapindika kama kamba, juu ya kuwa vimelala majini muda wote huo. Kipande cha kiazi kimekauka kwa kiu kikiwa ndani ya maji.

Mbolea iliyounguza

Zamani mbolea za viwandani ziliitwa mbolea za chumvi-chumvi, na wazee wengi wangali wanaziita hivyo. Jina hilo ni la haki. Salfeti ya amonia, CAN na DAP zote ni chumvi, ingawa si ile ya kutia katika mboga. Yurea kwa asili yake si chumvi, lakini ikiyeyuka katika udongo hugeuka haraka na kuwa ya namna hiyo hiyo.

Sasa tumfikirie mkulima wa Munisagara anayepanda mahindi mwezi wa Machi. Amechimba shimo, ametia kifuniko kimoja cha soda cha DAP, ambacho ni kama gramu 5, kisha ameweka mbegu juu ya mbolea na kufukia. Udongo ulioigusa mbegu ile na mbolea ile ni kama konzi moja kubwa, tuseme gramu 250. Ikiwa udongo una unyevu wa kadiri, maji yaliyomo katika konzi hiyo ni kama gramu 50. Gramu 5 za mbolea katika gramu 50 za maji ni sawa na gramu 100 katika kila lita moja. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 katika lita. Yaani mkulima huyu ameilaza mbegu yake katika maji yenye chumvi karibu mara tatu ya bahari. Maji ya Mkondoa wetu huteremka mpaka Wami na kumwagika baharini karibu na Saadani. Hakuna mtu ambaye angeyachota kule baharini ayalete kumwagilia shamba, lakini kwa kifuniko kimoja cha soda kilichowekwa mahali pasipofaa twafanya jambo baya kuliko hilo.

Mbegu huota kwa kunywa maji. Seli zake kavu huvuta maji, hufura, na mzizi hutokeza. Ikiwa nje mna chumvi nyingi kuliko ndani, maji hayaingii; na mzizi mchanga uliokwisha kutokeza hunyang'anywa hata yale machache uliyonayo. Ncha yake hugeuka rangi ya kahawia na kufa. Yurea na DAP zina ubaya wa pili tena: zikiyeyuka hutoa hewa kali ya amonia, ile ile ichomayo pua ndani ya banda la kuku lisilofagiliwa, nayo ni sumu kwa mzizi.

Wakulima huuliza, "Mbona mwaka juzi nilipanda vivyo hivyo na mahindi yakaota?" Swali hili ni zuri, na jibu lake limo katika mvua. Ikinyesha mvua kubwa baada ya kupanda, chumvi huenea katika udongo mwingi na kupungua ukali. Mvua kubwa sana haidhuru mbegu kwa njia hii, na ukavu kabisa hauidhuru upesi. Mvua ya hatari ni ile ya manyunyu, ambayo hutosha kuiyeyusha mbolea lakini haitoshi kuisambaza. Aliyeponea mwaka juzi aliokolewa na mvua.

Fanya hivi. Chimba shimo la kina cha inchi 4 hivi. Tia kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia. Fukia kwa udongo wa unene wa vidole vitatu. Juu ya udongo huo weka mbegu zako, kisha fukia tena. Ukiweza kuweka mbolea pembeni kidogo ya mbegu, badala ya chini yake hasa, ni bora zaidi. Mizizi itakua na kuifikia mbolea ikiwa imekwisha kupungua ukali. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, eka moja ina mashimo karibu 9,000. Gramu 5 kila shimo ni kilo 45. Kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 50 watosha eka na kubakisha kidogo. Ikiwa mfuko umekwisha na eka bado nusu, basi kifuniko chako kilikuwa kinafurika.

Katika kukuzia, yaani mahindi yafikapo magotini, usimwage mbolea juu ya shina wala ndani ya kikombe cha majani. Chembe zikilala katika kikombe huyeyuka kwa umande na kuyaunguza majani machanga kwa njia ile ile ya kachumbari. Iweke mbali na shina kadiri ya upana wa kiganja kilichokunjuliwa, udongo ukiwa na unyevu, kisha ifukie. Yurea iliyoachwa wazi juani hupotea hewani.

Samadi iliyooza vizuri haina ukali huu, lakini samadi mbichi ya kuku inao.

Mahindi yenye njaa katikati ya maji

Tumesema jinsi maji yanavyoingia. Sasa tuseme jinsi chumvi zenyewe zinavyoingia, maana ndizo chakula tunachokinunua dukani.

Hapa mambo ni kinyume. Potasiamu, kwa mfano, ndani ya seli za mzizi huwa nyingi kuliko katika maji ya udongo mara mia na zaidi. Kama ingeachiwa ijiendee yenyewe ingetoka nje. Mmea huivuta ndani kwa nguvu, kupitia milango maalumu iliyo katika utando, mlango huu wa potasiamu, ule wa naitrojeni, na mwingine wa fosforasi. Ni kama kupandisha mizigo mlimani: haipandi yenyewe, lazima wapagazi wale. Chakula cha wapagazi hawa ni sukari iliyotengenezwa na majani, na ili mzizi uitumie sukari hiyo lazima upate oksijeni. Mzizi huvuta hewa kama wewe. Hewa hiyo huipata katika matundu madogo ya udongo.

Wakazi wa bonde hili hawahitaji kufundishwa habari za mafuriko. Wengi wanakumbuka mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010, maji yalipoharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe na kuwatoa watu wengi katika nyumba zao. Lakini hata katika mwaka usio na maafa, mashamba ya mabondeni hulala maji kwa siku kadhaa. Matundu ya udongo yakijaa maji, hewa hutoka. Wapagazi husimama. Mahindi hubaki katikati ya maji na chumvi, lakini hayawezi kula, na hata maji yenyewe huanza kuwashinda. Baada ya siku chache majani ya chini hugeuka manjano. Mahindi machanga yaliyofunikwa kabisa kwa kawaida hayapiti siku nne hivi.

Sasa angalia kosa linalotendeka. Mkulima huona manjano na kusema, "Shamba lina njaa," kisha hukimbilia mfuko wa yurea na kuimwaga katika tope. Kweli shamba lina njaa, lakini njaa hiyo si ya kukosa chakula mezani, ni ya mdomo uliofungwa. Naitrojeni iliyomwagwa katika tope sehemu yake huteremka na maji, na nyingine hugeuzwa na vijidudu vya udongo vikosavyo hewa ikawa hewa na kurudi angani. Fedha imekwenda, na mahindi hayakuonja kitu.

Kwanza fungua mifereji, maji yaondoke. Ngoja udongo uache kunata kwenye jembe. Kisha ng'oa mmea mmoja au miwili na utazame mizizi. Ukiona ncha nyeupe zenye uhai, mdomo umefunguka. Hapo ndipo uweke mbolea ya kukuzia, maana ile ya kwanza imechukuliwa na maji. Ukiona mizizi yote ni ya kahawia, milegevu, yenye harufu mbaya, usiweke kitu. Tafuta mbegu ya muda mfupi ikiwa mvua bado zipo. Ishara nyingine hupatikana alfajiri: tembea shambani na utazame ncha za majani ya mahindi. Mizizi yenye nguvu husukuma maji juu usiku kucha mpaka yakatokeza matone kwenye ncha. Wengi huyadhania kuwa umande.

Mpunga hauoni taabu hii kwa sababu una njia za hewa zinazoshuka ndani ya shina toka majani hata mizizini. Mikoko ya kule mdomoni mwa Wami hufanya makuu zaidi, kwa kuwa huishi katika tope na chumvi kwa pamoja. Mchu, ambao ni namna moja ya mikoko, huitoa chumvi iliyozidi kwa kuijasho majanini. Mahindi hayakujaliwa ufundi huo.

Kuyasoma majani

Chumvi ikiisha kuingia mzizini hupanda na maji katika mirija myembamba mpaka majanini. Sukari iliyotengenezwa majanini husafiri kwa mirija mingine, ikishuka mizizini au kwenda katika gunzi linalojaza punje. Mirija hii ya pili huweza pia kuchukua baadhi ya chumvi toka jani la zamani na kuzipeleka penye haja, na hapo mkulima anaweza kuusoma ugonjwa.

Naitrojeni na potasiamu huhamishika. Zikipungua, mmea huwanyang'anya wazee uwape watoto: majani ya chini huumia kwanza, ya juu yangali mabichi. Kukosa naitrojeni huanza na manjano kwenye ncha ya jani la chini na kuingia ndani kufuata mshipa wa katikati, kama mkuki. Kukosa potasiamu huunguza kingo za jani la chini na kuacha katikati mabichi. Chuma na chokaa hazihamishiki kwa urahisi, kwa hiyo upungufu wake huonekana kwanza katika majani machanga ya juu. Mtu anayetazama majani ya juu tu kutoka barabarani atachelewa kuiona njaa ya naitrojeni, yakupasa uiname.

Akiba

Kile kimfuko cha katikati ya seli ndicho ghala. Muwa huweka sukari humo, na wakulima wa miwa wa Ruhembe wanaopeleka miwa katika viwanda vya Kilombero hulipwa kwa uzito na kwa sukari iliyomo. Muwa ukizuiliwa maji karibu na kukatwa hupunguza kukua na huweka akiba zaidi. Ukikwisha kukatwa, hasa ukiwa umechomwa moto, seli zake huanza kufa, tando hupasuka, na sukari huharibika. Muwa uliolala shambani siku nyingi ukingojea gari ni ghala lililotoboka.

Muhogo mchungu huweka kitu kingine katika ghala lake. Humo mna dawa ambayo yenyewe imetulia, na kimeng'enya cha kuifungua kimewekwa mbali nayo, katika kuta za seli. Muhogo ukikwanguliwa, ukipondwa au ukivundikwa, seli huvunjika, vitu hivi viwili hukutana, na sumu ya sianidi hutoka. Hutoka ili iende zake hewani na majini, ndiyo maana bibi zetu waliroweka, wakavundika, wakaanika siku nyingi. Hawakuijua seli, lakini kazi waliijua. Kukata vipande vikubwa na kuvianika upesi hakuvunji seli za kutosha, na sumu nyingi hubaki. Wilayani Tarime mwaka 1985, wakati wa upungufu mkubwa wa chakula, watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo, na wengi, hasa akina mama na watoto, walipata ugonjwa wa konzo. Ugonjwa huo hupoozesha miguu kwa ghafula, nao hauna tiba. Basi njaa ikibisha hodi usipunguze hata siku moja ya kuloweka muhogo mchungu. Kula mboga za majani, chungu usubiri.

Kitunguu nacho ni ghala. Magamba yake ni majani yaliyofura kwa sukari na maji. Wakulima wa Malolo na wote wanaomwagilia vitunguu wajue ya kuwa mmea huu ni mwepesi kudhurika kwa chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya matuta baada ya jua kali, usiongeze mbolea. Fungua mfereji wa kutolea maji, kisha mwagilia maji mengi matamu kwa mara moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi, badala ya kumwagilia kidogo kidogo kila siku.

Shingo za vitunguu zikianza kulegea na majani kulala, acha kumwagilia. Kitunguu kilichonyweshwa mpaka siku ya kung'olewa kina seli zilizojaa maji kupita kiasi; huvimba, hupasuka, na shingo yake haifungi. Wadudu wa uozo huingia hapo. Ng'oa asubuhi, vitandaze kivulini penye upepo wiki moja au mbili mpaka shingo zikauke kabisa na magamba ya nje yatoe sauti ya karatasi unapoyashika. Ndipo ukate majani, ukiacha shingo ya upana wa vidole viwili, na utie katika mifuko ya wavu.